Fomu ya Chuo Haisubiri Piko Likauke



Leo hatuandiki habari za singo wala magauni. Tunaandika jambo ambalo sisi wenyewe tumelikosea. Tunaona haya kulisema, lakini kulinyamazia ni vibaya zaidi.

Tuliwahi kumpamba mwali mmoja aliyemaliza kidato cha sita kwa masomo ya sayansi. Alikuwa ameomba shahada ya sayansi ya maabara ya tiba katika vyuo viwili vya Dar es Salaam, na vyote viwili vikamchagua. Anayechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja huletewa namba ya siri ili athibitishe chuo anachokitaka, na siku za kuthibitisha zina mwisho wake. Simu yake ililia mikono yote miwili ikiwa imejaa piko bichi. Akatuomba tumfungulie ujumbe. Tukamwambia: "Tulia mwanetu, litaharibika. Chuo kipo tu." Mama yake akaitikia, shangazi yake akacheka.

Harusi ikapita, fungate likapita, na siku za kuthibitisha nazo zikapita. Mwaka ule hakwenda chuo. Mwaka uliofuata alikuwa na mimba. Ana mume mwema na mtoto mzuri, alhamdulillah, na hatusemi kwamba ndoa ilikuwa kosa. Kosa lilikuwa neno letu: "Chuo kipo tu."

"Hakuna mwanamke hapa?"

Tuulizane kwa ukweli. Nani kati yetu hajawahi kufika dirisha la maabara na kichupa cha mkojo amekificha ndani ya mkoba, akamkuta kijana wa kiume, akatamani ardhi ipasuke? Nani hajawahi kukunja mkono wa baibui atolewe damu, huku akiuliza kwa sauti ya chini, "Hakuna mwanamke hapa?"

Tunauliza hivyo kila siku. Kisha tunarudi nyumbani, binti anasema anataka kusomea maabara, nasi tunamwambia: "Hiyo kazi ya wanaume. Nani atakuoa ukishinda unashika mikojo ya watu?" Basi huyo mwanamke tunayemtaka pale dirishani atoke wapi? Tunataka atoke kwa jirani, binti wa mwenzetu asome, wetu abaki. Dada zetu, hiyo si stara. Huko ni kutaka matunda ya mti tuliokataa kuupanda.

Imam Ghazali aliitaja elimu ya tiba kuwa ni fardhi kifaya: wakiwapo wa kutosha wengine wanapumzika, wasipokuwapo dhambi ni ya wote. Na Bi Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) aliwatibu majeruhi hemani, Madina, zama za Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Hatujasikia kwamba alivunjiwa heshima kwa kushika damu zao.

Na kuhusu najisi: damu na mkojo ni najisi, ndiyo, na najisi huoshwa. Mtaalamu wa maabara anavaa glavu na koti, akimaliza ananawa. Sisi tunafua nepi za watoto miaka na miaka kwa mikono mitupu, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mama hafai kuolewa.

Bi harusi ndiye anayeihitaji maabara kuliko wote

Kabla ya akdi, wengi wetu sasa tunakwenda kupima. Wazazi wawili wakiwa wote wamebeba chembe ya siko seli bila kuumwa, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Saudi Arabia imefanya kipimo hicho kuwa lazima kabla ya ndoa tangu 2004. Mwanamke mwenye damu ya Rhesus hasi akizaa mtoto mwenye Rhesus chanya, anahitaji sindano maalumu ndani ya saa 72, ili mwili wake usije ukashambulia damu ya mtoto wa mimba ijayo. Nani anayajua hayo kwanza? Si daktari. Ni yule aliyekaa na sampuli ndani ya chumba. Daktari anasoma karatasi iliyotoka kwake.

Kazi hiyo haiko mbali nasi. Pale Wawi, Pemba, iko Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, tangu mwaka 2000, ambako vinatafitiwa kichocho na minyoo, maradhi ya visiwa vyetu wenyewe.

Hoja ambazo hatuzidharau

Wapo wazazi wanaohofia mchanganyiko, zamu za usiku, na binti kuvuka bahari kwenda kukaa dahalia. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini jawabu la hofu ni mpango. Tafuteni jamaa au dahalia ya wasichana mapema, mjue anakaa na nani. Stara nayo ina nafasi maabara: mtandio unaingizwa ndani ya koti, mikono ya nguo haining'inii, kucha ni fupi, viatu vimefungwa. Mwanamke aliyejistiri vizuri ameshatimiza nusu ya kanuni za usalama kabla hajafundishwa.

Wapo wanaosema, "Aolewe kwanza, mume akitaka atamsomesha." Hapa tunapinga bila kuuma maneno. Jambo la miaka mizima haliachiwi "akitaka". Tunaandikiana mahari, tunaandikiana makabati na vitanda, halafu elimu ya binti tunaiachia tabasamu la siku ya posa. Lizungumzwe wakati wa posa, mbele ya walii na mashahidi, na liandikwe. Masheikh wamekhitilafiana namna masharti ya ndoa yanavyofunga, kwa hiyo nendeni kwa kadhi au sheikh wenu awaelekeze namna ya kuliweka. Mchumba mwema hatachukia kuulizwa. Akichukia, bora mjue kabla ya akdi kuliko baada yake.

Mwali, haya ni yako

Anza na masomo. Shahada hii inataka sayansi kidato cha sita: Kemia na Biolojia, na mara nyingi Fizikia. Mwenye stashahada ya maabara yenye ufaulu mzuri naye ana njia, usijione umechelewa. Soma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka husika, uangalie chuo na shahada vimo na sifa zake ni zipi. Muhimbili iko, KCMC iko Moshi, Bugando iko Mwanza.

Maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja. Usimwachie kijana wa steshenari akufungulie akaunti kwa barua pepe yake na nywila anayoijua yeye. Atakapobadilisha simu, nawe umepotea. Barua pepe iwe yako, namba ya simu iwe yako, si ya kaka wala ya mchumba. Cheti cha kuzaliwa na vyeti vya skuli viwe tayari, na jina lifanane kote, herufi kwa herufi. Mkopo nao una fomu yake na mwisho wake. Ulizia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar mapema, usingoje mpaka upate chuo.

Na tarehe! Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa baada ya matokeo ya kidato cha sita, mwezi wa Julai, na masomo huanza Oktoba au Novemba. Hiyo ndiyo miezi jamaa wa Maskati na Ulaya wanaporudi likizo na sisi tunapanga harusi. Hatusemi harusi ziahirishwe. Tunasema kalenda ya chuo iwekwe mezani siku ile ile tunapopanga siku ya akdi.

Na sisi tunaopamba tumejiwekea sharti. Mwali akikaa mbele yetu na simu ikalia, tunamuuliza kwanza: "Una fomu unayoingojea?" Kama anayo, tunamfungulia na kumsomea, na akihitaji mkono wake tunaufuta. Piko tutalirudia. Tunawaomba masomo, makungwi, mashangazi na mama wakwe nao wajiwekee sharti hilo.

Allah awajaalie mabinti zetu elimu yenye manufaa na ndoa zenye utulivu, vyote viwili kwa pamoja. Amin.