Maskati na Unguja: Umbali Uko Wapi Khasa?



Mwaka jana nilipigiwa simu hapa Maskati baada ya sala ya alfajiri: shangazi aliyenilea amefariki Unguja. Siku ile ndege ya moja kwa moja haikuwa na nafasi. Nikapitia mji wa tatu, nikalala kwenye viti vya uwanja. Nilipofika, walikuwa wameshamzika jana yake alasiri. Nikaishia kwenye hitma.

Hebu tuhesabu. Maskati hadi Unguja kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 3,900. Ndege ya moja kwa moja huruka kama saa tano na nusu. Ukiondoka saa mbili asubuhi unashuka Unguja saa sita u nusu mchana kwa saa za huko, maana Oman iko mbele kwa saa moja. Maziko ya alasiri unayawahi.

Wazee wetu walikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Aliyekosa msimu alingoja miezi. Sayyid Said mwenyewe alifia baharini mwaka 1856 akitoka Maskati kurejea Unguja. Lakini kwa bahari ile ile aliziendesha nchi mbili kama nyumba moja yenye vyumba viwili. Mwaka 1861 uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko India, ukazitenganisha, na Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Bahari haikuongezeka hata pima moja. Kilichoongezeka ni karatasi.

Na karatasi ndizo zinazotuweka mbali mpaka leo. Baada ya 1964 wengi walikimbia, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 wengi wakafungua maisha mapya hapa. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo mwenye pasi ya Oman anashuka Unguja kama mgeni, hata kama kitovu chake kimezikwa Malindi.

Wako watakaosema ndege ni biashara, hairuki kwa machozi ya watu. Kweli. Lakini msiba si utalii. Mtalii huchagua tarehe miezi kabla, mfiwa hachagui, na tiketi ya siku ile ile ndiyo mara nyingi iliyo ghali kuliko zote. Si jambo kubwa serikali mbili zilizo marafiki kukubaliana na mashirika ya ndege wabakishe viti viwili vya dharura kwa bei ya kawaida, na mfiwa mzaliwa wa Unguja apitishwe uhamiaji bila ya kuzungushwa.

Na sisi wenyewe tusijivue lawama. Ndugu zetu wa nyumbani wanadhani tumewasahau, na wana haki ya kudhani hivyo. Barazani tunabishana kuhusu 1964 mpaka kahawa inapoa, lakini kuomba viti viwili hatujaandika hata barua moja. Mfuko wa misiba wa kumsaidia asiye na nauli, nao je, uko wapi?

Shangazi yangu hakuzikwa mbali. Alizikwa mwendo wa saa tano na nusu kutoka mlangoni kwangu.

Wabillahi tawfiq.