Moto wa Porini na Kalamu ya Karani



Kila mwaka mvua za masika zikiisha na majani yakianza kukauka, moshi huonekana upande wa mashariki. Aliye Musoma kando ya Ziwa aweza kuutazama kisha akaendelea na kazi yake. Aliye Bunda hawezi, kwa maana mashamba yake na malisho ya ng'ombe wake yapakana na pori. Ndipo husikika maofisini neno lile lile: moto umezuka, tufanye nini? Sisi twaona kwamba swali hilo likiulizwa mwezi wa Septemba limekwisha chelewa, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo iko mezani petu.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya moto wenyewe. Nyasi za Serengeti zimezoea kuungua tangu kale. Mfugaji huchoma apate majani mabichi na kupunguza kupe. Mkulima huchoma asafishe shamba. Mrina asali huingia porini na mwenge. Kuwapigia wote hao marufuku kwa tangazo la ukutani hakujapata kuuzima moto. Jambo kubwa ni wakati. Nyasi zikichomwa mwezi wa Mei au Juni, zingali na unyevu, moto huenda polepole, huacha viraka, na umande wa usiku huuzima. Zikiwaka Agosti au Septemba, moto hukimbia na upepo, huruka njia, huua miche na kula paa la mtu. Kwa hiyo wataalamu hushauri kuchoma mapema, kwa viraka na kwa usimamizi, ili moto wa kiangazi kikali ukija ukose chakula.

Tena moto hufuata kiasi cha nyasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kiasi cha robo milioni. Sotoka ilipokoma, waliongezeka hata kupita milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakala nyasi nyingi, moto ukapungua, na miti ikaanza kurudi mahali ilipokuwa imetoweka. Twajifunza hapo kwamba mpango wa mwaka jana haufai kunakiliwa neno kwa neno na kutiwa tarehe mpya. Kila mwaka sharti mtu aende akazitazame nyasi, ndipo arudi aandike.

Sasa tutazame kazi za ofisi. Moto ukianzia shambani Bunda, uko chini ya kijiji na Halmashauri. Ukivuka na kuingia Pori la Akiba la Grumeti, ni mambo ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Ukiendelea hata Hifadhi ya Taifa, ni ya TANAPA. Ukigeukia msitu wa Serikali, ni ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ukirudi kwenye nyumba za watu, huitwa Zimamoto. Moto haujui mipaka hiyo, lakini barua zetu zaijua sana. Sheria ya Misitu ya 2002 yasema juu ya kuchoma na kuzima, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 yataka kamati toka mkoa hata kijiji. Basi sheria zipo. Kinachotakiwa ni mtu mmoja wa kuziunganisha ofisi hizo kabla ya kiangazi, mwenye jina, na mwenye kuulizwa.

Kisha iko habari ya fedha, ambayo makarani twaijua kuliko watu wote. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kuchoma mapema ni kazi ya Mei na Juni. Fedha iliyopitishwa mwaka huu ikifika Agosti, wakati wa kuchoma umepita, na fedha hiyo hutumika kukimbizana na moto badala ya kuutangulia. Anayetaka kazi ya Mei 2027 ifanyike vema, sharti aitie katika makisio yanayoanza kuandikwa mwishoni mwa 2025. Ni miezi kumi na minane! Afisa Misitu aweza kuwa hodari namna gani, lakini karani wa mipango asipomkumbusha kwa wakati, hodari huyo atakwenda porini na matawi ya miti mkononi.

Wako watakaosema kwamba fedha ni kidogo, na shule na zahanati zangoja. Ni kweli, zangoja. Lakini kuchoma mapema kwahitaji siku chache, watu wa kijiji, na msimamizi mmoja anayejua upepo. Kuzima kiangazi kwahitaji magari, mafuta, posho, na pengine huleta misiba. Wote twakumbuka Mlima Kilimanjaro, ulioshika moto tarehe 11 Oktoba 2020: siku nyingi zilipita, na mamia ya watu walipanda kuuzima kwa mikono. Ikiwa mlima unaotazamwa na dunia nzima ulipatwa na hayo, pori la Bunda litasaidiwa na nani?

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. La kwanza, kila Halmashauri iwe na afisa mmoja wa kuangalia moto, na kikao kimoja cha ofisi zote kila Machi, wazee wa wafugaji na warina asali wakiwemo, maana wao ndio wajuao nani huchoma wapi na kwa nini. La pili, moto uwe na kifungu chake katika makisio. La tatu, kila moto uandikwe katika daftari: siku, mahali, chanzo, ukubwa, nani alizima. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Afisa akihamishwa kutoka Butiama kwenda mkoa mwingine, ujuzi wake wote huondoka katika sanduku lake, na mgeni huanza upya. Daftari halihamishwi.

Mwezi wa Septemba 1961, Arusha, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitamka kwamba kuwatunza wanyama na mapori kwataka ujuzi, watu waliofunzwa, na fedha. Vitu vitatu hivyo havikutani porini kwa bahati. Hukutana katika karatasi iliyoandikwa mapema, ikatiwa sahihi, ikafuatwa.

Haya ndiyo maoni yetu. Kila karani atakayesoma na alifungue jalada la moto la ofisi yake kesho asubuhi. Akikuta barua ya mwisho ni ile ya kuomba msaada Septemba iliyopita, ameijua kazi yake. Na akikuta jalada halipo kabisa, na alianzishe.