Ndege Hairudi Nyuma Peke Yake

Mkazi wa Kurasini hana haja ya kufundishwa jinsi chombo kikubwa kinavyotegemea chombo kidogo. Kila kukicha huona meli iliyovuka bahari kuu ikishikwa na matishari na kuondolewa gatini polepole. Huko baharini meli hiyo ni mfalme. Lakini gatini, mahali pembamba, haina budi kungojea msaada.

Hali ni hiyo hiyo katika Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere, ambako wengi wa ndugu zetu wa Kurasini na Temeke huenda kazini kila alfajiri kwa Barabara ya Mandela. Tangu jengo la tatu la abiria lilipofunguliwa mwezi wa Agosti, 2019, ndege kubwa husimama pale zimeelekeza pua jengoni, na saa ya kuondoka ikifika hazina budi kusukumwa kinyumenyume. Gari fupi, zito, huunganishwa na gurudumu la mbele. Mfanyakazi mmoja huvaa vyombo vya masikioni na kusema na rubani. Wengine hutazama ncha za mabawa, kwa maana rubani haoni nyuma yake. Rubani hulegeza breki akiambiwa, naye huwasha injini akiruhusiwa. Mwisho gari hufunguliwa, na kile kipini chenye utepe mwekundu, kilichozuia usukani wa gurudumu wakati wa kusukuma, huchomolewa na kuinuliwa juu ili rubani akione. Hapo tu mtu wa chini hutoa ishara kwamba njia ni nyeupe.

Kazi hii huchukua dakika chache, na abiria aliyeketi dirishani huidhani kuwa ni jambo dogo. Sivyo. Usiku wa tarehe 16 Desemba, 2015, katika kiwanja cha Mumbai, mji ambao sasa una njia ya ndege zetu kutoka Dar es Salaam, ndege ya Air India iliyokuwa ikienda Hyderabad ilikuwa katika kazi hiyo hiyo ya kuondolewa. Fundi mmoja alikuwa bado yupo karibu na gurudumu la mbele. Ilielezwa wakati ule kwamba ishara ilieleweka vibaya katika chumba cha marubani. Fundi yule alivutwa na injini, akafa papo hapo mbele ya wenzake.

Mkosi mwingine ulitokea tarehe 16 Januari, 2024, katika kiwanja cha New Chitose, kaskazini ya Japani. Ndege ya Korean Air yenye watu 289 ilikuwa ikisukumwa; gari la kusukuma likateleza katika theluji, na bawa likagonga mkia wa ndege ya Cathay Pacific iliyokuwa imesimama bila mtu ndani. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia.

Theluji hatunayo Dar es Salaam. Tunayo mvua ya masika, lami iliyolowa, mafuta yaliyomwagika, na usiku wenye kelele. Zaidi ya hayo tunayo haraka, ambayo haina majira. Kwa hiyo yatupasa kuuliza swali ambalo mara nyingi halipendwi: je, dereva wa gari lile, akiona kwamba ardhi haifai, anaweza kusema, "Sisukumi," na kesho akaikuta kazi yake?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mkosi ukitokea, neno la kwanza litokalo ofisini ni "uzembe wa mfanyakazi." Pengine ni kweli, wala sisi hatutetei uzembe. Lakini mfanyakazi aliyeamriwa kuharakisha, akapewa watu wawili badala ya wanne, kisha akaonywa kwamba kuchelewa kwa ndege kutaandikwa katika jina lake, hakuzembea peke yake. Uzembe huo ulianzia juu, ukateremka mpaka ukamkuta yeye wa mwisho.

Bandari yetu inalifahamu somo hili. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943 na 1947. Wengi walikuwa vibarua wa kutwa. Walidai mishahara, naam. Lakini mtu asiyekuwa na uhakika wa kazi ya kesho hathubutu kumkatalia msimamizi wa leo, hata kama mnyororo wa winchi umeanza kukatika mbele ya macho yake. Ukibarua na ajali ni ndugu wa tumbo moja.

Chama kililiona jambo hili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, ulimkataza kiongozi kuwadharau na kuwaonea wale walio chini yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu mwaka 2003. Mwezi wa Juni, 2022, Mkutano wa Kazi wa Dunia uliutia Mkataba namba 155 katika mikataba ya msingi. Na mkataba huo wataka alindwe mfanyakazi aliyejiondoa katika hatari kubwa iliyo karibu. Maandishi basi hayakosekani. Lililobaki ni kuyateremsha kutoka kabatini hadi penye lami.

Wakubwa wanaohesabu fedha tu nao wasikie. Shirikisho la makampuni ya ndege ulimwenguni lilionya Desemba, 2022 kwamba hasara ya ndege kuharibiwa zikiwa ardhini yaweza kukaribia dola bilioni 10 kwa mwaka ifikapo 2035, kama hatua hazitachukuliwa. Dakika tano zilizookolewa kwa kumharakisha dereva zaweza kununuliwa kwa bawa zima. Tena bawa hushonwa, mtu hashoneki.

Kwa wafanyakazi twasema hivi. Haki ya kusimamisha kazi si ruhusa ya uvivu. Anayetoa ishara bila ya kutazama, anayezungumza na simu wakati bawa linapita, huyo anamsaliti mwenzake aliye karibu na gurudumu. Haki hii yatakiwa ishikwe na mikono safi.

Na kwa wasimamizi twasema: rubani mwenye mistari minne begani hungojea mkono wa kijana aliyesimama juani, wala hapungukiwi na heshima. Asipongoja, watu hufa. Basi nanyi ofisini ngojeeni mkono huo huo. Na ukiinuliwa kusema "simama," simameni kwanza, ndipo muulize.