Mtoto Aliyezaliwa na Nyayo za Kupinda



Tumepata swali la mama mmoja wa Goma. Amejifungua mtoto wa kiume, mwenye kulia kwa nguvu na kunyonya vizuri, lakini nyayo zake zote mbili zimegeukia ndani, kana kwamba zataka kutazamana. Mama mkwe amesema maneno ambayo hatutayaandika hapa. Baba wa mtoto amenyamaza. Naye mama atuuliza mambo mawili: amekosa nini, na je, mtoto huyu atatembea?

La kwanza twalijibu upesi. Hakukosa neno. Wanafunzi wa Bwana wetu nao waliuliza vivyo hivyo juu ya yule aliyezaliwa kipofu, wakitaka kujua kama dhambi ilikuwa yake au ya wazazi wake, naye Bwana akayakataa yote mawili. Habari hiyo twaisikia kanisani wakati wa Kwaresima, na tukisha kutoka nje twauliza tena swali lile lile mlangoni pa jirani! Nyayo za kupinda huanza mtoto akiwa bado tumboni. Wavulana hupatwa kama mara mbili kuliko wasichana, na pengine jambo hili hurudi katika ukoo mmoja. Si laana, si kupatwa kwa mwezi, si chakula alichokataa mama, wala si jicho la mtu. Huko Uganda waganga walihesabu watoto zaidi ya 110,000 waliozaliwa wazima, wakakuta 130 wenye nyayo hizo, yaani kama mtoto mmoja katika kila 850. Basi katika mji mkubwa kama Goma mama huyu hayuko peke yake. Wenzake wamewafunika watoto wao kwa kitenge, ndiyo maana hawaonekani.

La pili lataka maneno mengi zaidi. Atatembea, lakini kwa masharti.

Zamani dawa ya nyayo hizi ilikuwa kisu. Mganga mmoja, Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca katika Hispania mwaka 1914, aliwatibu majeruhi wa vita vya nchi yake, kisha akakimbilia Ufaransa na baadaye Mexico, hata akafika Iowa, Marekani, mwaka 1941. Alikuwa mkimbizi, na wasomaji wetu wa Kivu wajua neno hilo lina maana gani. Huko Iowa aliagizwa kuwatazama watu waliopasuliwa nyayo zao walipokuwa watoto. Akaona kwamba miguu iliyonyoshwa kwa kisu ilikuwa imekuwa migumu, dhaifu na yenye maumivu. Akajiuliza kama mkono wenye subira usingefanya vizuri kuliko kisu.

Njia yake ni hii. Katika majuma ya kwanza ya maisha, viungo vya mtoto vyalegea kama udongo mbichi. Mganga huusukuma unyayo polepole kuelekea nje, bila kuushika wala kuusokota kisigino, kisha huufunga kwa bandeji ya jasi tangu vidoleni hata juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Baada ya juma moja huifungua, husukuma tena kidogo, hufunga tena. Mara tano au sita hivi zatosha kwa watoto walio wengi. Mwishoni kano ya kisigino, ikiwa bado ni fupi, hukatwa kwa tundu dogo sana, na bandeji ya mwisho hukaa majuma matatu, mpaka kano iote upya ikiwa ndefu zaidi.

Ponseti aliyaandika matokeo yake mwaka 1963, na wenzake hawakumsikiliza sana. Kisu kilikuwa na sifa. Bandeji haikuwa nayo. Mwaka 1995 waganga wa Iowa walitoa habari za wagonjwa wake 45 baada ya miaka kama 30. Kati yao 78 kwa mia walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana. Na kati ya watu waliozaliwa na nyayo za kawaida, waliopimwa kwa kipimo kile kile, walikuwa 85 kwa mia. Tofauti ni ndogo jinsi gani! Hapo ndipo dunia ilipogeuka.

Twataja habari hii kwa kusudi. Katika Kivu ya Kaskazini neno utafiti liliwatisha wengi wakati wa Ebola, miaka ya 2018 hadi 2020. Watu walisema twafanywa wanyama wa kujaribia dawa. Kuuliza kabla ya kukubali ni haki ya kila mzazi, nasi hatumlaumu aulizaye. Lakini utafiti pengine ni jambo la kawaida kama hili: kumwita tena mtu uliyemtibu akiwa mchanga, sasa ana watoto wake, ukamwambia, vua kiatu tuone.

Tena njia hii haidai mganga mkubwa kwa kila kazi. Katika Malawi na Uganda wasaidizi wa waganga walifundishwa kufunga bandeji hizo, na miguu ikanyoka. Goma yenyewe hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa na Daktari Jo Lusi, mganga wa mifupa, pamoja na mkewe Lyn, imewatibu watoto wa namna hii. Mama ampeleke mtoto bila kukawia. Mganga atamtazama mgongo na nyonga pia, kwa maana nyayo za kupinda pengine hufuatana na mambo mengine.

Sasa twafika penye shida, na hapa twasema na baba aliyenyamaza. Bandeji ya mwisho ikifunguliwa, mguu ni mzuri, jamaa hushangilia, na wote hudhani kazi imekwisha. Sivyo. Mtoto huvishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito, kwa saa 23 kila siku, miezi mitatu. Kisha usiku na wakati wa usingizi tu, hata apate miaka minne hivi. Asipovaa, unyayo hurudi ulikotoka. Mtoto atalia siku za kwanza. Bibi atamhurumia na kumvua. Jirani atasema amekwisha pona, kwa nini mwamfunga? Mama peke yake hawezi kushindana na nyumba nzima kila usiku kwa miaka minne. Baba akisema neno moja tu, kwamba viatu havivuliwi, neno hilo lapita sauti zote.

Na vita je? Mwezi wa Januari 2025, Goma ilipotwaliwa, na mwezi uliofuata kambi nyingi za wakimbizi zilipovunjwa, watu walitoka na walichoweza kubeba kichwani. Viatu vya ufito ni vyepesi: viwekwe pamoja na cheti cha ubatizo na karatasi ya hospitali, mahali pa kushikwa upesi. Kama mtoto yu katika bandeji na vidole vyavimba, vyawa vyeusi au vyawa baridi, na njia ya hospitali imefungwa, lowesheni bandeji katika maji ya uvuguvugu mpaka ilainike, mkaizungushe na kuiondoa. Juma moja lililopotea hurudishwa. Kidole kilichokufa hakirudi.

Pengine asomaye haya ana mtoto wa miaka mitatu au sita, ambaye tayari akanyaga kwa ubavu wa mguu juu ya mawe ya Nyiragongo, huku wenziwe wakisukuma chukudu. Asiseme muda umepita. Bandeji zitakuwa nyingi zaidi, na kisu pengine kitahitajika. Lakini aende naye, hata kesho.