Gari Lisiloendeshwa Halipumziki

Wenye magari wengi husadiki kwamba gari lililoegeshwa liko mapumzikoni, na kwamba kadiri lisivyotembea ndivyo litakavyodumu. Imani hiyo yatokana na mambo yanayoonekana kwa macho: tairi huisha kwa kusuguana na barabara, na injini huchakaa kwa kuzunguka. Lakini yako mambo mengine yasiyoonekana upesi, nayo ndiyo yanayoamua umri wa gari linalotoka bandani mara nne au tano tu kwa mwaka.

Suala hili huwakabili hasa wenye magari ya mbio, yaani magari madogo ya watu wawili yaliyoundwa kwa ajili ya mwendo na wala si kwa kubebea watoto na magunia. Mfano mmojawapo ni Datsun 240Z, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1969. Injini yake ina silinda 6 katika mstari mmoja, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na nguvu zake hupelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Afrika Mashariki ina sababu yake ya kulikumbuka gari hilo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akishirikiana na Lofty Drews, alishinda nalo tena, baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun 180B.

Basi na ichukuliwe kwamba fundi mstaafu wa Mombasa analo gari la aina hiyo chini ya banda la mabati, mwendo mfupi kutoka baharini. Alilinunua likiwa bovu, akalifufua kwa mikono yake mwenyewe, na sasa hulitoa siku za sikukuu tu. Watoto wake wamwambia, "Baba, liuze, gari hili linakula pesa bure." Naye huwajibu kwamba haliwezi kula kitu maadamu halitembei. Nani mwenye haki?

Kwa upande wa kemia, wote wamekosea kidogo: gari lenyewe ndilo linaloliwa.

Na ianzwe betri. Ndani yake mna mabamba ya risasi na ya oksaidi ya risasi, yaliyozama katika asidi ya salfa iliyozimuliwa kwa maji. Hata waya zote zikifunguliwa, kemikali hizo huendelea kupambana polepole, na joto la pwani huharakisha kazi hiyo. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.6, ikishuka hadi 12.0 imekaribia kwisha. Kadiri inavyokaa katika hali hiyo, fuwele za salfeti ya risasi hukua na kuwa ngumu juu ya mabamba, hata umeme wa kuchajia usiweze tena kuziyeyusha zote. Petroli nayo haikai kama maji kisimani. Sehemu zake nyepesi huruka, na nyingine huungana na oksijeni zikafanya ulimbo unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta.

Wenye magari wa namna hii aghalabu wana dawa yao: kila Jumamosi huwasha injini dakika tano uani, kisha huizima, wakaenda zao wakiwa wameridhika. Hapana desturi yenye nia njema kuliko hiyo, wala yenye hasara kuliko hiyo. Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, lakini okteni yatosha kuwa mfano wake. Molekuli 2 za okteni zikiungua kwa molekuli 25 za oksijeni, huzaa molekuli 16 za dioksaidi ya kaboni na molekuli 18 za maji. Kwa uzito, gramu 114 za okteni huzaa gramu 162 za maji. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi; kwa hiyo, kila lita inayochomwa hutoa maji yanayozidi lita moja kidogo. Mwanafunzi anayejua uzani wa atomi aweza kuihakikisha hesabu hii mwenyewe, na yafaa aihakikishe, kwa sababu watu wazima wengi hawaiamini.

Injini iliyopata moto wa kutosha huyatoa maji hayo nje yakiwa mvuke. Ile ya dakika tano haijapata moto. Mvuke hugonga chuma baridi, ukawa matone ndani ya bomba la moshi, na mwingine hupenya kandokando ya pistoni ukajichanganya na oili. Humo maji hukutana na mabaki ya mwako yenye asidi, na mchanganyiko huo hukaa ukila beringi juma zima. Betri nayo imepoteza umeme mwingi katika kuwasha, na dakika hizo chache hazitoshi kuurudisha. Ingekuwa heri injini hiyo isiwashwe kabisa kuliko kuwashwa namna hiyo.

La breki ni zito zaidi, kwa kuwa hapo si mali tu iliyo hatarini. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, gari litembee lisitembee. Kwa kiwango kiitwacho DOT 3, mafuta mapya hayana budi kustahimili joto la nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakiwa na maji asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Mafuta yakichemka hufanya mapovu, na mapovu hubanwa kwa urahisi ambapo majimaji hayabanwi. Mzee huyo akiteremka kutoka Mazeras siku ya Idi, pamoja na wajukuu, akakanyaga breki mara nyingi, pedali yaweza kuzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Tairi zake pia, ingawa kashata zake zingali nene, zimezeeka kwa jua na ozoni. Ubavuni mwa tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 mna tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka. Tairi yenye 1709 ilitoka kiwandani juma la 17 la mwaka 2009, na haifai kuaminiwa, hata kama haijatembea kilomita 1,000.

Hoja ya fedha ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Bima, kodi ya banda na matengenezo ya mwaka, mathani shilingi 90,000, zikigawanywa kwa kilomita 300, kila kilomita imegharimu shilingi 300 kabla hata ya kununua petroli. Fedha na jasho lililokwisha kutumika katika kulifufua gari haziingii katika hesabu hii, kwani hazirudi, liuzwe lisiuzwe. Hapo ndipo watu hukwama. Wako pia wasemao kwamba gari la zamani livunjwe kwa sababu ya moshi wake. Lakini gari litembealo kilomita 300 kwa mwaka lina moshi mchache, na kulivunja hakurudishi nishati iliyotumika kulitengeneza.

Yabaki jambo lisilopimwa kwa voltimita: mapenzi ya mtu kwa kazi ya mikono yake. Hilo ni haki yake, wala halihitaji kutetewa kwa hesabu. Ila hayo mapenzi hayazuii kutu. Ikiwa macho na magoti yake yangali mazima, na alitunze, kisha aliendeshe: mara mbili kwa mwezi aende Mariakani na kurudi, ili oili ipate moto na mvuke utoke, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Ikiwa hawezi, na alitoe mwaka huu lingali likitembea, kwa mtu atakayeliendesha. Kulipa chuo cha ufundi kwapendeza kusikia. Lakini chuo kisicho na mtu wa kuliendesha ni banda jingine tu, na aghalabu banda hilo ni mwembe. Kuahirisha uamuzi mwaka hadi mwaka ndiko kubaya kuliko yote, kwa kuwa mwenyewe hajui kwamba amekwisha kuamua.

Kabla ya kuamua lolote, na achukue bisibisi, alale chini ya gari, agonge taratibu vizingiti vya chini ya milango na pembe za sakafu, mahali ambapo hewa ya chumvi hutuama na ambapo magari ya aina hii huanza kuoza. Chuma kizima hulia; kilicholiwa hutoa sauti ya bati la debe, na mara nyingine bisibisi hupenya.