Mwenye Dai la Kura Apewe Mahakama

Ndugu zangu wa Bukoba na Muleba, hasira iliyobaki vifuani mwa watu baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 haitaondoka kwa watu kuambiwa wanyamaze. Wala haitaondoka kwa kijana wa Kashai au wa Kamachumu kuokota jiwe. Nayasema yote mawili kwa sababu wengi husema moja tu, kila mtu lile linalompendeza.

Tuliyoyaona tunayajua. CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu tangu Aprili kwa kesi ya uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alienguliwa kugombea urais. Siku ya kura watu waliingia barabarani Dar es Salaam na miji mingine. Intaneti ikazimwa, risasi zikapigwa, watu wakafa. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema yaelekea waliouawa ni mamia. Novemba 1 Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa asilimia 97.66. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika, ambao hawana desturi ya kuzikosoa serikali waziwazi, safari hii walisema uchaguzi haukufikia viwango vinavyotakiwa.

Sasa nauliza: mwananchi anayeamini kwamba kura ya urais imechezewa, aende wapi? Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema kwamba Tume ikishamtangaza mtu kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Ukidai shamba la kahawa la marehemu baba yako, utasikilizwa kuanzia baraza la kata. Ukipinga ushindi wa mbunge, Mahakama Kuu itakusikiliza. Lakini kwa kiti kikubwa kuliko vyote nchini, mlango umepigwa kufuli na Katiba yenyewe. Mtu aliyefungiwa mlango namna hiyo atabaki na mawili: anyamaze na uchungu wake, au aende barabarani. Na barabarani kuna bunduki.

Sisi wa mkoa huu tunayo sababu ya pekee ya kulisemea jambo hili, maana mlango mmoja wa haki ya uchaguzi ulifunguliwa na mtu wa kwetu. Katika uchaguzi wa Oktoba 29, 2000, tarehe ileile, Julius Ishengoma Francis Ndyanabo aligombea ubunge wa Nkenge akashindwa. Alipotaka kuyapinga matokeo alikuta sheria inamdai aweke dhamana ya shilingi milioni tano kabla kesi yake haijapangiwa siku ya kusikilizwa. Milioni tano mwaka 2000! Mkulima gani wa Kanyigo au wa Nshamba angeweza kuitoa? Ndyanabo hakukubali. Alikwenda Mahakama Kuu, akashindwa. Akakata rufaa. Februari 2002 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilikifuta kifungu kile kwa kuwa kilikwenda kinyume cha Katiba: haki ya kusikilizwa haiwezi kuwa ya wenye fedha peke yao. Kesi hiyo mawakili wanaitaja hadi leo. Inanisikitisha kwamba vijana wengi wanaokaa vijiweni Rwamishenye hawajapata kuisikia.

Ukirudi nyuma zaidi, Kamachumu kulikuwa na Ali Migeyo. Miaka ya mwanzo ya 1950 aliwasimamia wakulima waliochoshwa na amri za serikali ya kikoloni. Mkutano wake ukatawanywa kwa mabomu ya machozi, naye akafungwa. Wakoloni walidhani wamemaliza neno. Hawakumaliza, na haukupita muda mrefu bendera yao ikashushwa.

Wapo watakaosema kesi ya urais italeta vurugu. Kenya, Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani. Malawi ikafanya hivyo Februari 2020, na wananchi wakarudia kura. Nchi hizo zipo. Wapo pia watakaosema majaji wetu huteuliwa na Rais, basi kesi hiyo itakuwa ya bure. Samatta na wenzake nao waliteuliwa na Rais, na hukumu yao tumeisoma. Hata pale mlalamikaji anaposhindwa, fomu za matokeo huwekwa mezani, mawakili huzihoji hadharani, na hukumu huandikwa ikabaki.

Jambo hili si geni kwa serikali. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba iliweka haki ya kupinga matokeo ya urais mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha, katika kesi ya wakili Jebra Kambole, iliamua kwamba Ibara ya 41(7) inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Miaka mitano ikapita, ibara haikuguswa. Tume iliyoundwa chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuchunguza yaliyotokea ni hatua, lakini kuchunguza vifo huku chanzo chake kimeachwa kwenye Katiba ni kazi nusu.

Wanangu vijana, msichome ofisi wala duka la mtu. Mali hiyo ni jasho la mama anayeuza ndizi na senene, na mwenye bunduki anaitafuta sababu hiyo. Kataeni pia kunyamazishwa. Ulizeni maswali kwenye mikutano ya vijiji na mitaa, andikeni barua, someni Katiba. Wazee na viongozi wa dini, mnapohubiri amani, itajeni na haki katika sentensi hiyohiyo, na wafiwa wapewe miili ya ndugu zao waizike.

Nanyi waheshimiwa wabunge wa Bukoba Mjini, Muleba Kaskazini na Muleba Kusini: kabla ya kampeni za 2030, pelekeni bungeni hoja ya kuifuta Ibara ya 41(7), na mtuambie hadharani nani ameiunga mkono na nani ameikataa.