Bakteria si Kifuko Kitupu

Nimeishika kalamu ili nitoe dukuduku langu. Husemwa usiudharau wembamba wa reli, garimoshi hupita. Basi leo namtetea kiumbe mwembamba kuliko reli zote: bakteria.

Katika madaftari yetu ya bayolojia mna sentensi hii: eti bakteria hana kiini wala kiunzi, ni kifuko tu cha majimaji chenye ukuta. La kiini ni kweli. La kiunzi ndilo ninalolipinga. Muhula uliopita niliandika katika jaribio kwamba bakteria ana nyuzi za protini zinazofanya kazi ya kiunzi. Lo! Nikapata sufuri kwa wino mwekundu. Wenzangu wakanicheka: "Si ungeandika tu ya kitabuni? Mbona wajitafutia makuu?"

Haya, tazameni ushahidi. Bakteria aitwaye Escherichia coli, akaaye matumboni mwetu, ana urefu wa kama mikromita 2. Wapange foleni 500 ndipo upate milimita 1. Akipata chakula na joto zuri hugawanyika kila dakika 20 hivi. Je, anajuaje pa kukatikia? Mwaka 1991 Erfei Bi na Joe Lutkenhaus wa Marekani walionyesha kwamba protini iitwayo FtsZ hujipanga kama pete katikati ya seli, pale pale itakapokatika. FtsZ ikiharibika, bakteria hurefuka tu kama uzi, asigawanyike.

Na umbo je? Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba protini nyingine, MreB, hufanya nyuzi ndani ya bakteria wenye umbo la fimbo. E. coli akiikosa MreB, huvimba akawa mviringo. Najua mtasema ukuta ndio unaoshika umbo. Naam, lakini ukuta haujijengi wenyewe. Mwashi hufunga kamba kwanza, ndipo apange matofali. Nyuzi hizi ndizo kamba ya mwashi: huwaongoza wajenzi wa ukuta wajue pa kujengea. Tena kamba yenyewe haitulii. Mwaka 2011 MreB ilionekana ikizunguka seli pamoja na wajenzi hao, na mwaka 2017 FtsZ nayo ikaonekana ikizunguka.

La ajabu zaidi, MreB ni jamaa ya aktini, protini iliyo katika misuli yetu. Kumbe tuna undugu na kidudu tunachokidharau!

Kuna watakaosema, "Hadubini ya shule haizionyeshi nyuzi hizo, za nini kwetu?" Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wanasayansi wenyewe kwa miaka mingi walidhani bakteria hana kiunzi kwa sababu hawakukiona. Kutoonekana kukafanywa kutokuwepo. Wao wamejirekebisha, mbona sisi tungali tunakariri kosa lao?

Tena jambo hili si la alama za mtihani peke yake. Penisilini huua kwa kuwakwamisha wajenzi wa ukuta wa bakteria, na bakteria wengi sasa wameizoea. Watafiti wanatafuta dawa itakayoikamata FtsZ ili adui ashindwe kugawanyika. Je, mwanafunzi aliyeambiwa kwamba ndani ya kifuko hamna kitu, atatafuta nini humo akiwa daktari?

Walimu wetu, sisemi mtupe vitabu. Naomba sentensi moja tu ifutwe, na anayejibu kwa ushahidi asikilizwe kabla ya kukosolewa. Nanyi wenzangu, mkiambiwa "hakuna", ulizeni: hakuna, au hatujaona?

Nakunja jamvi hapa. Ile sufuri yangu ningali nayo, wala sioni haya kuionyesha.